Mkeka Wangu Siukunji

Twaha mwanangu,

Salamu nimekupa tangu asubuhi mpaka ukachoka nazo, ukakimbilia Old Kampala kumuaga Jaja yako ili upumzike na mdomo wangu. Basi umekosea hesabu. Umeniachia nyumba nzima, meza, na kalamu yako ya wino mzuri. Nitasema yote humu, na humu huwezi kunikatiza na hiyo "lakini Mama" yako.

Mambo ya chandarua, ya soksi na ya kula kwa wakati sikuandikii. Jaja ameshakwambia, na kama namjua mama yangu, sasa hivi anakufungia sambusa za kulisha basi zima mpaka Arua. Mimi nataka tuongee yale ya jikoni.

Ulikuwa umeshika kikombe, hukuinua macho. Ukasema, "Mama, si neno moja tu? Waambie wakubwa wako wa hospitali samahani, yaishe. Nitafanyaje kazi huko huku najua wanakufukuza?" Halafu ukaongeza kwamba uko tayari kuahirisha safari, uwapigie simu huko Arua uwaambie umepata msiba. Msiba! Mimi nimekufa lini?

Sikukujibu kwa sababu mandazi yalikuwa yanaungua, na kwa sababu jibu lililonijia mdomoni si la kumwambia mtoto anayesafiri. Sasa nimepoa kidogo. Jibu ni hili: siombi radhi. Na basi utalipanda.

Kesi yenyewe umeisikia vipande vipande, na vingi umevipata kwa mjomba wako Idi, ambaye kuku akitaga yai moja yeye husimulia trei. Sikiliza kwa mwenyewe. Nitakuambia yale tu ambayo wodi nzima iliyaona kwa macho.

Wodi ya upasuaji alilazwa mama mmoja, mke wa mwanajeshi, mkazi wa Mbuya, kwao kaskazini. Kisukari kilikuwa kimemla mguu. Madaktari wakasema ukatwe chini ya goti, tena upesi. Akakataa. Wakamweleza kwa Kiingereza, akakataa. Wakamweleza kwa Kiganda, akageukia ukutani. Daktari wa upasuaji akanijia mimi kaunsela wao mbio kwenye korido: "Musawo, hebu nenda ukamlainishe." Musawo ni sisi sote tuliovaa koti jeupe, hata anayepima mkojo. Nikamwambia, "Mwanangu, mimi si siagi. Nitakwenda kumsikiliza. Ukitaka wa kumlainisha, tafuta mwingine."

Nikaenda. Unazijua wodi zetu: mgonjwa yuko kitandani, chini ya kitanda kuna mkeka, na juu ya mkeka kuna ukoo. Ndio wanaomwosha, wanaompikia uji, wanaombadilishia shuka, maana manesi ni wachache na wagonjwa ni kijiji. Nikavua viatu, nikapiga hodi kama napiga mlangoni, nikaketi mkekani na wauguzaji wake. Tuliongea bei ya mihogo. Tuliongea mvua. Kisha nikawaambia, "Jamani, koo limenikauka, nani atanitafutia chai ya maziwa?" Wakaenda wote watatu. Nilipobaki naye akaniangalia kwa mara ya kwanza, akasema kwa Kiswahili chake cha kambini, "Mama, watu yote nasema mguu, mguu. Mimi mwenyewe, hapana mtu nauliza."

Nikamuuliza. Akasema aliyoyasema. Hayo, Twaha, hata wewe sikuambii, na usinitolee macho. Niliketi pale siku ile, na kesho yake, na siku kadhaa. Hata mara moja sikumwambia kubali. Siku moja asubuhi alimwita daktari mwenyewe, akauliza maswali yake, akaweka dole gumba kwenye karatasi ya idhini. Leo hana mguu mmoja na yuko hai, anatembea kwa magongo.

Ungedhani watanipa soda. Wapi! Mumewe, mtu wa cheo, alikuja na viatu vinavyong'aa mpaka ofisini kwa mkurugenzi. Hakuuliza mkewe anaendeleaje. Aliuliza mkewe alimwambia nini yule kaunsela chini pale. "Mimi ndiye mume wake, nina haki." Mkurugenzi akanywea. Akaniita, akaniomba nimwandikie mzee ripoti fupi, ukurasa mmoja tu, ya mazungumzo yetu. Nikasema mgonjwa ana akili zake timamu na mdomo wake, mumewe akamuulize yeye. Akapandisha sauti. Nami, unanijua, sikuishusha yangu.

Ndipo vikafunguliwa vitabu vya zamani. Kumbe miaka yote hii nawaaibisha. Hospitali imejenga chumba cha ushauri, kina mlango, kina sofa, kina picha ya maua, na mimi naonekana chini kwenye mkeka kama muuza nyanya. Nimekaidi wakubwa. Nimeshusha hadhi ya taaluma. Kesho saa nne kamati ya nidhamu inakaa, na mume yule ataketi nao kama mlalamikaji.

Sasa sikiliza jambo ambalo mjomba wako hakukuambia, kwa sababu nilimkata kalima kabla hajalifikia. Radhi wanayoitaka si neno moja. Ina mkia. Niseme samahani, niahidi kutokaa tena chini, na niikabidhi ile ripoti mbele ya kamati, kwa mkono wangu, kwa mume. Hapo kazi naibakiza na pensheni nafika nayo. Ndiyo "si neno moja tu" yako. Idi alikuja jana, akala pilau yangu, akasema, "Dada, mkono usioweza kuukata, ubusu." Nikamwambia abusu yeye, mdomo anao, tena umejaa pilau.

Nina hasira, mwanangu. Na ninaogopa pia, usidhani mama yako ni jiwe. Kazi hii ndiyo iliyokulea baba yako alipotangulia mbele ya haki. Nawaza asubuhi moja naamka hapa Kibuli, nasikia adhana, navaa, na sina pa kwenda. Lakini kuogopa na kukubali ni vitu viwili, na wagonjwa wangu ndio walionionyesha hivyo.

Unafikiri mkeka ni ukaidi wangu tu. Siku ulipokuwa mwanafunzi wa mazoezi kwetu ulisimama kando ya mkeka na kiatu chako kikali ukaniuliza, "Mama, siri ya mgonjwa iko wapi hapa?" Swali zuri. Mimi nilianza na mlango kabla yako.

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilikuwa na chumba, nilikipenda kuliko nyumba yangu. Wakaniletea kutoka wodi ya wazazi msichana wa Kikongomani aliyejifungua mtoto mfu. Alikuja na mama mkwe na mashangazi wawili. Nami, kwa vile nilivyofundishwa darasani, nikawatoa wote nje, nikafunga mlango, nikakaa mbele yake na uso wa huruma. Binti akaanza kutetemeka. Huko nje wale mama wakapiga yowe. Sikujua kwamba kwao, na kwa watu wengi tu hapa mjini, mtu wa hospitali akimwita mmoja pembeni na kufunga mlango, basi anamwambia ana ugonjwa usiotajwa au anamwambia anakufa. Msichana alidhani namwambia anamfuata mwanawe. Mama mkwe alidhani ameletewa maradhi nyumbani. Jioni ile waliondoka naye wodini, dozi yake ikiwa nusu, na tangu siku hiyo sijui kama yuko hai. Nilikuwa nimefanya kila kitu sawasawa kama kitabu kilivyosema.

Ndipo nikaanza kushuka chini. Sikushuka kwa unyenyekevu, usinipake rangi. Nilishuka kwa sababu watu walikuwa wananikimbia.

Nikauzoea mkeka, nikaringa nao. Nikajiona nimepata dawa ya kila mtu. Hapo nikaangukia upande wa pili. Kulikuwa na kijana wa boda aliyevunjika uti wa mgongo, hawezi kujigeuza. Kaka yake mkubwa alikuwa mkekani mchana na usiku, mchangamfu, ananikaribisha chai, anajibu maswali yote. Kijana anatikisa kichwa tu, ndiyo, ndiyo. Nikaandika kwenye faili: familia yenye upendo. Ijumaa moja kaka akaenda kuswali, kijana akanishika kanzu. "Nyabo," akasema, kama anavyoitwa kila mama hapa mjini, "yule ananipiga. Nikiomba anigeuze usiku, ananipiga." Nilikuwa nimekaa na mpigaji mkeka mmoja wiki nzima, nanywa chai yake.

Na huyo kaka, nilipokaa naye peke yetu, alilia mpaka akatapika. Alikuwa hajalala usingizi wa mtu mzima tangu ajali. Alihitaji mtu wa kumpokea zamu, na adabu yake alihitaji pia. Vyote viwili alivipata, na kijana tukamtafutia shangazi yake amuuguze.

Basi tangu siku hizo sifungi mlango kwanza, wala sikai na ukoo mpaka mwisho. Naketi na wote, wanione, wanizoee, wajue sikuja kunong'ona kifo. Halafu natuma chai. Anayetumwa chai hajafukuzwa, hana la kununa. Wakishaondoka namuuliza mgonjwa: wakirudi, nani abaki, nani atoke? Yeye ndiye mwenye kikao. Wengine husema abaki dada tu. Wengine husema wabaki wote. Mzee mmoja aliniambia nitoke mimi, na nikatoka, tukaelewana wiki iliyofuata. Akinijibu, kutoa watu ni kazi yangu, si yake, ili lawama inipate mimi.

Na namwambia mapema kabisa siri yangu inaishia wapi. Kwamba akiniambia anataka kujitoa roho, au kumtoa mwenzake, sitanyamaza, na yeye ndiye nitakayemwambia kwanza kuwa sitanyamaza. Hilo lina mpaka wake, najua. Lakini mume kutaka tu kujua, kwa kuwa ni mume na ana nyota begani, hakumo ndani ya mpaka huo. Sikumkatalia kwa kiburi. Yule mama alipoongea aliuliza, "Hii maneno itabaki hapa?" Nikamjibu itabaki. Nikishamjibu hivyo, kamati inataka nini tena kwangu?

Ulinionyesha picha ya chumba chako cha Arua kwenye simu kama mtu anayeonyesha mchumba. Meza, feni, mlango wenye kitasa kipya. Mkubwa wako amekuambia atakupa karatasi ya maswali, imeshatafsiriwa, na anataka uone watu wengi kwa siku. Sawa. Karatasi si adui. Lakini kumbuka ile ya kwako ulipofanya mazoezi kwetu.

Ulimhoji bikizee mjane kwenye wodi ya kisukari, ukafika swali la sauti. Ukaniletea faili umekunja uso: "Anasikia sauti ya marehemu mumewe kila jioni." Umeshaandika na jina la ugonjwa, kwa mwandiko mzuri. Nikakuuliza, sauti inamwambia nini? Hukujua. Ukarudi kumuuliza. Ukaja umeficha faili mgongoni: "Inamwambia afunge banda la kuku." Nikacheka mpaka sista wa wodi akatutoa nje. Mwanangu, miaka arobaini ya ndoa mume amekukumbusha banda la kuku, halafu afe ghafla sauti ikome? Mwache na mumewe. Ungempa vidonge, kuku wangeliwa na kicheche. Lakini angekuambia sauti inamtuma ajitupe kisimani, hapo tungekimbia wote. Karatasi ilikuwa na swali la kwanza tu, la pili ulipaswa kuwa nalo wewe.

Huko utakutana na Mlugbara, Mkongomani, Msudani aliyevuka mpaka na mtoto mgongoni, askari anayeota jambo lile lile mpaka anaogopa kitanda. Watakuita wodi ya watoto, watakuita kliniki ya kifua kikuu, watakuita chumba cha wazazi saa ambayo kila mtu anapiga kelele. Kila mahali watakuambia ulainishe mtu. Mlainishe akubali kisu, akubali vidonge, akubali kurudi nyumbani kwa mume. Na watakuambia umtumie mtoto wake kuwa mkalimani kwa kuwa yuko karibu na hana gharama. Usithubutu. Mtoto hapaswi kutafsiri huzuni ya mama yake. Subiri mtu mzima, hata kama mkubwa wako atakoroma.

Wajomba zako wanasema kazi hii ni ya wanawake, kupiga soga na watu wanaolia. Waache waseme. Idi huyo huyo, alipofiwa na mtoto, aliketi kwenye ngazi yetu akaniambia, "Dada, usiseme kitu, kaa tu." Nilikaa. Asubuhi akaondoka, na hajawahi kulitaja, wala mimi sijawahi, mpaka leo ninapolivunja kwa ajili yako. Hilo nalo ni kosa, nitamwomba yeye radhi kesho, kabla hujaondoka. Unaona basi kwamba neno hilo ninalo. Ninachagua wa kumpa.

Sasa kuhusu wewe kubaki. Nimekusikia. Moyo wangu ulifurahi kidogo, nisikudanganye, mama gani hafurahi? Lakini ukibaki ili unishike mkono, utakuwa umenikunjia mkeka wangu kabla ya kamati. Nitaingia pale nikifikiria kwamba mwanangu amekosa kazi kwa ajili yangu, na hapo ndipo nitakapolegea, nitasaini chochote. Ukitaka kunisaidia, ondoka. Nikijua uko njiani waelekea Karuma unakula sambusa, mgongo wangu utanyooka.

Juu ya sanduku lako utakuta kitu kirefu kimefungwa kwa kamba ya katani. Usikifungue ndani ya basi, watu watadhani unauza. Ni mkeka, mpya, ukindu mwembamba, Jaja yako ndiye aliyeuchagua baada ya kumtukana muuzaji vizuri. Chumba chako kipende, mlango wako uutumie kwa mgonjwa anayeutaka, wapo wanaoutaka sana. Lakini siku mtu atakapoutazama mlango ule na kutetemeka, uchukue mkeka kwapani, umfuate alipo.

Wangu mimi nao utatoka kesho. Nitakusindikiza mpaka kwenye basi, nitakuombea dua, sitalia mbele ya kondakta. Kisha nitapanda boda moja kwa moja mpaka hospitali na mkeka wangu mkuukuu mapajani, ule wenye doa la chai.

Sista wa wodi amenipigia simu wakati naandika. Anasema yule mama amesikia habari ya kamati, na amesema atakuja mwenyewe, na magongo yake. Mimi sikumwita. Wala sitamsemea neno. Watakaponiambia, "Keti, nyabo," kiti hicho nitamsogezea yeye, maana kwa mguu mmoja hawezi kushuka chini. Mimi nitatandika mkeka wangu kando ya kiti chake, mbele ya mkurugenzi, mbele ya mume na viatu vyake, nitavua ndala na kuketi. Halafu nitamuuliza yeye, kwa Kiswahili chetu, wasikie wote: nani abaki, nani atoke?

Akitaka kusema, atasema. Asipotaka, tutanyamaza wawili sisi, na wao wataangalia saa zao.

Mama yako,
Hadija